Pampu Zisizokunywa Dizeli

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa Mzee Pampu, basi. Ukiuliza anakaa wapi, hata mpangaji aliyehamia juzi atakuonyesha: mlango wa bati wa kijani, ule wenye mipira mirefu iliyoviringishwa nje kama chatu walioshiba. Kazi yake ilikuwa kutoa maji mahali yasipotakiwa. Mvua ikijaza shimo la msingi wa jengo, anaitwa. Bomba likipasuka na stoo ya duka kugeuka bwawa, anaitwa. Anakuja na mkokoteni wake, juu yake ile injini ya dizeli yenye kelele za kuamsha mtaa mzima, anashuka majini na mabuti yake ya mpira, anatumbukiza mpira wa kunyonya, anaimiminia pampu maji kidogo ili ishike, kisha anavuta kamba. Ikishakohoa kidogo na kukubali, hana la kufanya tena ila kukaa na kuitazama.

Na kazi hiyo, msiione hivi, ni kazi ya upweke. Karibu na pampu hakuna mazungumzo. Mwenye jengo anakuja, anaona maji bado yapo, anaguna, anakwenda zake. Yakiisha, hakuna anayemtaka tena mtu wa pampu, wanatafutwa waashi. Mzee Pampu alikuwa mtu wa kuitwa kwa haraka na kusahauliwa kwa haraka. Mkewe alipokuwa hai hilo halikumsumbua, maana mama yule alikuwa na maneno ya kuwatosha watu watatu, na kila jioni alimmwagia yote yaliyotokea mtaani, nani kagombana na nani na nani kaanza. Alipofariki, nyumba ikanyamaza. Ndipo mzee, ambaye masikio yake yalikuwa yamezoea injini, akagundua kwamba kimya nacho kina kelele zake.

Binti yao wa pekee aliolewa mji wa mbali. Ana watoto wadogo, na kazi ya benki isiyotoa ruhusa ovyo. Alipiga simu kila Jumapili.

"Baba, hujambo?"

"Sijambo, mama."

"Unakula?"

"Nakula."

"Huumwi popote?"

"Niumwe na nini? Mimi chuma."

Na chuma kweli ndicho kilichomwingia. Alikuwa katika stoo ya mafundi seremala iliyofurika, maji meusi yamefika magotini, mbao zinaelea, akakanyaga msumari. Ulitoboa soli ya buti, ukatoboa na mguu chini ya kidole gumba. Mtu mwingine angepiga ukelele na kukimbia. Yeye aliuchomoa, akalivaa tena buti lake lililolowa, akakaa kungoja, kwa sababu pampu inayofanya kazi haiachwi peke yake. Alivua buti maji yalipokwisha, na hapo mguu ulikuwa umeshakaa saa nyingi ndani ya uchafu uleule.

Duka la dawa lilikuwa hatua chache kutoka kwake. Akanunua vidonge vya kumtosha siku mbili tatu, maumivu yakapungua, akaacha. Kidonda kikarudi. Akanunua vya rangi nyingine, maumivu yakapungua, akaacha. Kikarudi tena, safari hii na usaha wa kijani na harufu tamutamu ya kuchefua, kama tunda lililopitiliza kuiva. Akanunua vya rangi ya tatu. Hakuwa bahili wala mzembe. Ndivyo alivyozoea kufanya kazi: maji yakitoka, unazima mashine. Nani anaacha pampu inanguruma kwenye shimo kavu?

Aliyemfumania ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe, kinyozi mwenye mdomo kama wembe wake. Alikuja kumnyoa, akasimama katikati ya chumba, pua juu.

"Shemeji, mguu wako unanuka."

"Ni buti hilo."

"Buti umelivua, liko nje."

"Basi ni harufu yake imebaki."

"Harufu ya buti gani inachechemea? Vaa shati. Tunakwenda hospitali, na ukikataa nakunyoa upande mmoja nakuacha hivyohivyo."

Hospitali walimlaza siku ileile. Walichukua usaha wakaupeleka maabara, na majibu yalipokuja wakamtoa wodini kwenye watu, wakamhamishia chumba cha mwisho cha korido, peke yake.

Chumba chenyewe hakikuwa kibaya. Kuta zilipakwa rangi ya kijani hadi kiunoni na nyeupe kutoka hapo kwenda juu. Palikuwa na kitanda, kabati dogo, choo chake ndani, na kiti ambacho hakukuwa na mtu wa kukikalia. Mlango ulikuwa na kioo cha ukubwa wa sahani, na karatasi nyekundu ya onyo imebandikwa nje. Dirisha lenye wavu lilitazama ua wa kufulia, shuka nyeupe zinapepea kutwa. Kila aliyeingia alivaa kwanza gauni la plastiki la njano, glavu na barakoa. Akitoka, alivivua mlangoni akavitupa kwenye pipa. Mzee alilitazama sana lile pipa. Kila aliyemgusa alimgusa kwa mpira, na kilichomgusa kikatupwa.

Daktari wake alikuwa kijana mrefu mwenye macho ya usingizi, mpole. Asubuhi moja alikuja akakikalia kile kiti, na mzee akajua kuna jambo. Daktari wa kusimama ana habari za kawaida. Anayekaa ana nyingine.

"Mzee, vijidudu vilivyomo kwenye mguu wako ni bakteria wakaidi. Wanapenda majimaji, mabomba, mabuti yaliyolowa. Sasa wamefika kwenye mfupa wa kidole. Maabara tumewajaribu kwa dawa nyingi, na zile ulizomeza zote hawazijali."

"Hawazijali vipi? Dawa si sumu kwao?"

"Ni sumu. Lakini hawaiachi ikae. Bakteria ni kitu kimoja kidogo sana, kina ukuta wake. Dawa ikipenya ndani ya ukuta, inatakiwa ijae ifike kiasi fulani ndipo imuue. Hawa wako wana..." Akasita, akatabasamu nyuma ya barakoa. "Wana pampu."

Mzee akaketi vizuri.

"Unanitania."

"Sikutanii. Ukutani mwao zimo pampu. Dawa ikiingia, inakamatwa na kutupwa nje kabla haijafanya kazi. Pampu moja inaweza kutupa dawa za aina mbalimbali, haichagui sana. Kila bakteria wa aina hii anazo kidogo. Ila wewe ulikuwa unawapa dawa kidogo, unaacha, unawapa tena. Wenye pampu chache walikufa. Wenye pampu nyingi walibaki, wakazaana, nafasi ikawa yao."

Jamani, tangu alazwe hakuna aliyezungumza naye neno alilolijua. Ilikuwa damu, presha, kipimo, lala, geuka. Leo pampu! Mwili ukamsisimka kama mtu aliyesikia lugha ya kwao ugenini.

"Zinatumia nini?" akauliza. "Maana pampu bila nguvu ni chuma tu. Za kwao zinakunywa dizeli gani?"

Daktari akacheka mpaka barakoa ikatikisika. "Hazinywi dizeli, mzee. Zinaendeshwa kwa nguvu ya bakteria mwenyewe, na nguvu hiyo anaipata kwenye chakula, kama mimi na wewe."

"Kwenye chakula," mzee akarudia polepole.

"Ndiyo. Sasa sikiliza hili, ndilo kubwa. Imebaki dawa moja wanayoisikia. Tunaanza leo, kwa dripu. Ikienda vizuri, daktari wa upasuaji atasafisha kidonda na kutoa mfupa ulioharibika tu. Isipokwenda vizuri na wakapanda kifundoni, tutakata chini ya goti."

Hapo simu ya daktari ikalia, akaitwa chumba kingine mbio. Akasimama, akavua gauni mlangoni, akalitupa, akaenda. Maelezo yakabaki nusu, kama yanavyobaki mara nyingi.

Chini ya goti. Mzee akautazama mguu wake uliofungwa bandeji. Mtu wa pampu anashuka mashimoni kwa ngazi za kamba. Anasimama kwenye tope linalovuta. Anaburuta mpira uliojaa maji, na huo huwezi kuuburuta kwa magongo. Bila mguu ule, mashine yake ingeuzwa, na yeye angekaa nyuma ya mlango wa bati akisikiliza kile kimya kutwa kucha. Hakuogopa maumivu. Alichokiogopa ni ule mlango.

Basi akafikiri, na alifikiri kama fundi. Pampu ya adui huwezi kuifikia uivunje, imo ndani. Huwezi kuiziba. Lakini kila pampu duniani ina tangi. Usiijaze, itakohoa, itazima. Ikizima, maji yataingia yenyewe. Hapa maji ni dawa. Chakula chao wanakitoa wapi, kama si kwenye chakula changu? Jibu likaja jepesi, likamfurahisha: nitakausha tangi.

Mchana ule sahani ilipoletwa, mkate, maharage na kipande cha yai, alimsubiri mhudumu atoke. Kisha akachechemea nayo chooni, akaimwaga, akavuta maji. Sahani tupu akairudisha juu ya kabati. Muuguzi akaja, akaona tupu, akasema, "Vizuri sana, baba," akaandika kwamba mgonjwa amekula.

Akafanya hivyo jioni, na kesho yake, na siku zilizofuata. Alikunywa maji tu. Na hakuna aliyejua, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kujua. Mgonjwa wa wodini asiyekula husemwa na wa kitanda cha pili. Anayekula na mkewe huulizwa, mbona mkono hauendi? Yeye alikuwa na kioo cha ukubwa wa sahani, na nyuso zilizopita bila kugeuka.

Siku za mwanzo njaa ilimng'ata, naye akaikaribisha. Kila tumbo likinguruma alijiambia, huko chini wanakohoa hao. Akiona dripu inadondoka, tone, tone, alitabasamu: ingia, ingia, leo hakuna wa kukutoa. Alizungumza nao pia, msishangae. Mtu aliyefungiwa na maadui zake tu, atazungumza na nani? "Na nyie wenzangu mafundi," aliwaambia, "kazi yenu naijua. Nani kawafundisha, mabonge ya uchafu nyie?" Akatega sikio, kana kwamba angejibiwa.

Shemeji hakuruhusiwa kuingia ovyo kwa sababu ya kazi yake ya kushika vichwa vya watu. Alikuja upande wa ua, akasimama kati ya shuka zilizoanikwa, uso kwenye wavu.

"Shemeji! Umekonda kama spoku ya baiskeli. Wanakupa nini humo, picha ya chakula?"

"Nakula vizuri."

"Unakula vizuri, mashavu yamekwenda wapi? Nikikunyoa sasa hivi nitakata mfupa."

"Ni dawa hizi, kali."

"Nimpigie binti yako aje."

"Usithubutu. Ana watoto, ana kazi. Nikipona nitamwambia."

"Na usipopona, nimwambie mimi? Marehemu dada yangu atanifufukia na mwiko."

"Atanianza mimi," mzee akasema, na wakacheka wote wawili, mmoja ndani mmoja nje. Halafu kicheko kikaisha. Shuka moja ikapeperuka ikamfunika shemeji uso. Ilipofunguka alikuwa anapunga mkono kuaga. Jioni hiyo mzee aliliangalia dirisha muda mrefu. Alitaka sana kumwambia mtu ile siri yake ya tangi, maana siri nzuri isiyo na msikilizaji inachosha kuibeba kuliko mbaya.

Kilichomuumbua ni choo. Ukimwaga mkate na maharage kila mlo kwenye bomba lenye kona, siku itafika bomba litakataa. Asubuhi moja alivuta maji, yakapanda badala ya kushuka, yakafurika sakafuni, yakatambaa chini ya mlango hadi korido. Mfanyausafi akapiga yowe. Akaitwa fundi bomba wa hospitali, mtu mzito wa maneno machache, akavalishwa gauni la njano lililombana, akaingiza waya wake mrefu, akauvuta. Vikatoka vitu.

Fundi akavitazama. Akamtazama mzee. "Humu," akasema, "nani anakula kwa kupitia huku?"

Mzee Pampu, aliyezibua mitaro ya nusu ya mji, akageuzia uso wake ukutani. Haya ilimshika mpaka masikioni. Kuziba bomba, yeye!

Muuguzi alikuja peke yake. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapobembeleza. Hakupayuka. Alikikalia kile kiti, na mzee akajua tena kuna jambo.

"Baba, hujala tangu lini?"

Mzee akavuta shuka hadi kidevuni.

"Nimekuwa naandika umekula. Nimekuwa nakusifu, nakwambia vizuri sana baba. Umenifanya mjinga, sawa, ila kwa nini? Umechoka kuishi?"

"Hapana!" mzee akashtuka. "Nimechoka kuishi? Mimi nataka kubaki na mguu." Na hapo, kwa kuwa siri ilikuwa imemlemea, akamwaga yote: pampu, tangi, nguvu, chakula, jinsi zinavyokohoa na kuzima. Alieleza kwa mikono, alieleza vizuri. Macho yake yaling'aa kwa mara ya kwanza tangu alazwe.

Muuguzi akamsikiliza mpaka mwisho. Pembe za macho yake zilicheka kwanza, halafu zikalowa, akazifuta kwa mkono wa gauni.

"Ngoja nimwite daktari," akasema.

Daktari alipoelezwa, alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Kosa hili nusu ni langu," akasema. "Nilikuachia hadithi katikati. Mzee, tangi lao silo sahani yako. Tangi lao ni wewe. Wanakula nyama ya mguu wako, wanakunywa majimaji ya kidonda. Ufunge mwezi mzima, wao bado wana karamu. Unaowanyima ni askari wako mwenyewe, wale wa kwenye damu wanaopigana nao. Na nyama mpya ya kuziba kidonda, mwili utaijenga kwa nini? Kwa maji?"

Uliwahi kumwona mtu aliyepiga pampu usiku kucha, halafu kukicha akaambiwa mpira wa kutolea ulikuwa unarudisha maji shimoni? Mzee alikuwa na uso huo.

"Na mguu?" akauliza mwishowe.

"Dawa inafanya kazi yake, imewapunguza. Lakini kidonda hakijasogea, na damu yako imekuwa nyepesi. Daktari wa upasuaji alitaka kukufungua wiki hii, sasa amekataa, anasema hawezi kumpasua mtu aliyekauka. Tunasubiri upate nguvu. Nao hawasubiri, mzee. Ndivyo hesabu yetu ilivyo sasa: nani atawahi, wewe au wao."

Basi ikawa ni kula. Nanyi mtadhani hilo ni jambo rahisi, mtu ana njaa, apewe chakula, ale. Haikuwa hivyo. Tumbo lilikuwa limenywea kama puto. Kijiko cha uji kilikaa mdomoni kikigeuka mchanga. Na alipoutazama ukuta wa kijani na kiti kitupu, kijiko kilirudi bakulini. Alijaribu, akatapika. Alijaribu tena, akasukuma bakuli.

"Kula, baba," muuguzi akasema.

"Nakula na nani?" Neno lilimtoka bila kulipanga, na likamwaibisha kuliko choo.

Sheria ilikuwa wazi: ndani ya chumba kile hakuna mhudumu kula wala kunywa, hata maji. Muuguzi alitoka, akavua gauni, akalitupa, akanawa mikono. Mzee akafikiri amekwenda moja kwa moja kama wengine. Lakini baada ya kitambo uso ukatokea kwenye kile kioo cha mlango. Alikuwa amesimama koridoni na kikombe cha chai mkono mmoja, mkate mkono wa pili. Akauinua mkate, akamwonyesha, akaumega. Akatafuna akimtazama, taratibu, mashavu yakitembea kwa makusudi, kama mama anayemfundisha mtoto.

Mzee akachota kijiko. Yeye akimeza huko, mzee akameza huku. Akinywa chai, mzee akanywa uji. Watu walipita nyuma yake wakishangaa muuguzi anayekula chakula cha mchana akiwa ameusogelea mlango, pua imegusa kioo. Hakugeuka. Hawakuweza kusikiana hata neno. Bakuli likafika nusu, na halikurudi.

Akafanya hivyo kila alipokuwa zamu. Siku asizokuwapo, mzee alikula kidogo kuliko siku alizokuwapo. Lakini alikula.

Kuna mtu mwingine alitakiwa kuambiwa, na Jumapili ikafika. Simu ilipolia aliiacha iite kidogo.

"Baba, hujambo?"

"Mama," akasema, "niko hospitali. Siku nyingi sasa. Wanataka kunikata mguu, hawajui mpaka wapi."

Upande wa pili ikaja sauti ndogo, ya zamani, ya utotoni. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unaniuliza kama naumwa. Nikajibu kama unavyopenda kusikia."

"Nilikuwa napenda kusikia kweli, baba. Nakuja."

Alifika siku mzee alipokuwa ameshapata nguvu za kutosha kupasuliwa, na daktari wa upasuaji alikuwa kando ya kitanda, mama wa makamo mwenye miwani minene, fomu ya idhini mkononi. "Nitafungua," alikuwa anasema, "nikate mpaka nikute nyama nzima na mfupa mweupe. Hapo nitaishia. Panaweza kuwa vidoleni. Panaweza kuwa huku juu. Siwezi kukuahidi nisichokijua."

"Kwa hiyo nalala sijui nitaamka na nini."

"Ndiyo, mzee wangu."

Akatia sahihi. Binti alikuwa amesimama mlangoni ndani ya gauni la njano linaloburuta, barakoa imemfunika hadi chini ya macho. Mzee alimtambua kwa macho tu, macho ya mama yake. Binti akamshika mkono kwa glavu. Wote wawili walitazama zile glavu, wakaacha hivyo.

Alipozinduka, kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa dari. Akaikazia macho. Miguu yote miwili ilikuwa chini ya shuka, na yote miwili aliihisi, lakini alikuwa amesikia kwamba mguu uliokatwa nao huhisiwa, hivyo hakuamini. Hakuthubutu kuinua shuka.

"Sista," akaita, sauti kavu. "Niambie kabla sijatazama."

Muuguzi alikuwa anafunga dripu. "Vidole vimekwenda vyote, baba. Na kipande cha mbele ya mguu. Daktari anasema ungesubiri kidogo tu, kifundo kingekwenda pia. Na anasema ungekula tangu mwanzo, huenda kingekuwa kidole kimoja. Sikufichi."

"Usinifiche."

"Kisigino kipo. Kifundo kipo. Utasimama."

Mzee akafumba macho. Machozi yakamtoka pembeni yakaingia masikioni, na mkono wa kuyafuta ulikuwa na sindano ya dripu, akayaacha.

Binti alikaa siku alizopewa na benki, kisha ikabidi arudi kwa wanawe. Aliapa atapiga simu kila siku, na alipiga. Shemeji alirudi kusimama kati ya shuka akitangaza kwamba sasa atamtengenezea kiatu kifupi na kumdai bei ya kiatu kizima. Dripu iliendelea wiki baada ya wiki, maana safari hii, daktari alisema, hatuzimi mashine maumivu yakipungua, tunazima maabara ikisema. Kidonda kikaanza kuota nyama nyekundu kutoka chini. Karatasi nyekundu ilibaki mlangoni.

Siku moja, saa ya kutembelea wagonjwa, muuguzi alimletea magongo. "Leo mpaka mlangoni," akasema. "Usivuke kizingiti."

Akaenda. Uzito wake aliuweka kwenye magongo kwanza, halafu akakijaribu kisigino, kidogo, kama mtu anayepima kina cha maji asiyoyajua. Kikamshika. Muuguzi akamfungulia mlango, kisha akaitwa kengele ya chumba kingine, akaenda haraka, akamwacha hapo.

Korido ilikuwa imejaa watu. Walipita na vikapu, na watoto mgongoni, na chupa za chai, kila mmoja akienda kwa mtu wake. Hewa ya nje ilinukia sabuni na jasho la watu. Mzee alisimama ndani ya kizingiti, magongo kwapani, amenyooka. Mama mmoja aliyekuwa akitafuta namba za vyumba alimwona, akapunguza mwendo.

"Hujambo, baba?"

"Sijambo, mama."

"Pole na kuugua."

"Nimeshapoa."

Mama akaendelea na safari yake, akakunja kona. Wengine wakapita, halafu wachache, halafu korido ikabaki tupu na mwanga wa mchana sakafuni. Angeweza kurudi kitandani. Hakurudi. Alikuwa hana wa kumngojea, lakini alikuwa anaweza kusimama, na akasimama.